Baba Mdogo, Baba Mkwe: Bernabò Visconti wa Milano na watoto wake

Wale mliokuwa shifti Jumapili mkanisumbua niandike niliyoongea, haya nimeandika yote kama nilivyosema, nimetoa tu vikohozi na ile dakika simu ya mtu ilipolia.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua Jumapili hapa Milano ndo siku pekee ya kulala, na wengine mmetoka Bergamo, mmoja katoka Brescia kabisa, na hiyo miji miwili mtaisikia leo manake huyu mzee ninayemuongelea aliwagawia watoto wake kama mtu anavyogawa viwanja.

Naanza na swali. Nani hapa ni shabiki wa Inter? Haya shusheni mikono, nimewaona. Nani ameshawahi kuona gari la Alfa Romeo? Wote. Sasa yule nyoka kwenye nembo ya Alfa Romeo, yule mwenye taji na mtu mdomoni, na yule nyoka wa mabendera ya Inter, mlishawahi kujiuliza ni nyoka wa nani? Ni wa ukoo mmoja, ukoo wa Visconti, waliotawala mji huu tunaofagia na kupikia na kulelea watoto wa watu. Yaani hebu fikiria, watu wamekaa kikao cha ukoo wakakubaliana kwamba sisi tutajulikana kwa joka linalomla mtu. Si simba, si tai. Joka, na mtu kiwiliwili na mikono bado vipo nje. Watu wenye bendera ya namna hiyo wakikaa mezani wanaongea nini?

Leo nawaletea mmoja wao, Bernabò Visconti, kazaliwa 1323 kafa 1385. Nimemchagua yeye kwa sababu moja tu, historia yake ukiisoma kwa Kiitaliano inakupita. Vitabu vyao vinasema aliangushwa na "nipote" wake. Sasa nyie mnajua Kiitaliano cha hapa, nipote ni mjukuu, nipote ni mpwa, nipote ni mtoto wa kaka, wote hao neno moja! Sisi Kiswahili chetu kinapasua. Aliyemwangusha Bernabò alikuwa mtoto wa kaka yake mkubwa, maana yake kwetu Bernabò alikuwa baba yake mdogo. Na huyo huyo kijana alikuwa amemuoa binti wa Bernabò. Kwahiyo ni baba mdogo na ni baba mkwe. Kwa wakati mmoja! Shikeni hilo, tutarudi.

Kwanza mtu mwenyewe. Baba yake Stefano alikufa yeye akiwa mtoto mdogo, mama yake alikuwa Valentina Doria wa Genova. Aliyeshika mji alikuwa baba yao mdogo mwingine, Giovanni, ambaye alikuwa askofu mkuu wa Milano na hapo hapo ndiye mtawala, kofia mbili kichwa kimoja. Alipofariki 1354 mali ikaenda kwa watoto watatu wa Stefano, yaani Matteo, Galeazzo na Bernabò. Watatu. Mwaka uliofuata wakabaki wawili. Matteo alikufa ghafla 1355 na mji mzima ukanong'ona kwamba wadogo zake wamemtilia kitu kwenye chakula, hakuna aliyethibitisha, lakini ukoo wenye bendera ile watu watafikiri nini. Wakagawana, Galeazzo upande wa magharibi, Bernabò upande wa mashariki, na Milano yenyewe wakaikata katikati.

Alikuwa mtu wa namna gani? Nawapa visa viwili.

Cha kwanza ni cha barua. Bernabò alikuwa anagombana na Papa juu ya mji wa Bologna, kila mmoja anasema wangu. Inasimuliwa kwamba karibu 1361 Papa akatuma wajumbe wawili wamletee hati ya kumtenga na Kanisa, na hati zile zilikuwa za ngozi, zina uzi wa hariri na muhuri wa risasi. Yeye akawapokea vizuri tu, akawasindikiza mpaka katikati ya daraja, mto unapita chini. Akawauliza, mabwana, mnataka kula au kunywa? Wale wakaangalia maji, wakaangalia askari, wakaelewa swali. Wakasema tutakula. Wakala hati yote, ngozi, hariri na muhuri. Mnacheka, lakini fikiria kutafuna ngozi kavu mtu kakusimamia. Na wanaosimulia wanasema mmoja wa wale wajumbe alikuwa Guillaume de Grimoard, ambaye 1362 alichaguliwa kuwa Papa Urban wa Tano, na 1363 huyo Papa akamtenga Bernabò na Kanisa, akahubiri vita vya msalaba dhidi yake, mkristo mwenzake! Mwishowe 1364 walipatana, Bernabò akaiachia Bologna kwa fedha, florini 500,000, kwahiyo hata kushindwa kwake kulikuwa na risiti.

Cha pili ni cha mbwa. Alipenda kuwinda nguruwe pori kupita kiasi, waandishi wa wakati ule wanasema alikuwa na mbwa 5,000. Sasa mbwa 5,000 unawalaza wapi? Akawagawa kwa raia. Unalima zako shamba la watu, unaletewa mbwa wa bwana, mlishe. Halafu wakaguzi wanapita. Mbwa amekonda, faini. Sawa, hiyo tunaelewa. Mbwa amenenepa, faini! Mbwa akifa ndo usiseme. Na nguruwe anaingia shambani kwako anakula mazao yako huruhusiwi kumgusa, kwa sababu ni wa bwana. Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, najua anafikiria tembo wa kwao.

Sitakaa sana kwenye ukatili wake, upo mwingi, yeye na kaka yake Galeazzo wanahusishwa na ratiba ya mateso ya siku 40, siku unateswa, siku unapumzishwa, wakaiita Kwaresima. Tuiache hapo, kuna watoto nyuma wanacheza.

Sasa tufike kwenye ninachotaka, familia.

Mwaka 1350 Bernabò alimuoa Beatrice della Scala, binti wa mtawala wa Verona, anajulikana zaidi kwa jina la Regina, na kweli alikuwa malkia, mwanamke mwenye akili na kiburi cha kutosha. Nyie mnaofanya usafi mitaa ya katikati mnapita pale kwenye opera, La Scala, si ndio? Jina lile ni la mke wa Bernabò. Alijenga kanisa pale, Santa Maria della Scala, likaja kubomolewa miaka ya 1770 na tangu 1778 mahali pake pana ukumbi wa opera. Jina la mama limebaki mpaka kwenye tiketi.

Regina alimzalia watoto 15, wavulana watano na mabinti kumi. Hao ni wa ndani. Wa nje? Jamani. Mwandishi mmoja wa tarehe alidai kuna wakati mzee alikuwa na watoto 36 walio hai na wanawake 18 wajawazito kwa mpigo, mi naona hapo mwandishi aliongeza chumvi, lakini hata ukikata nusu bado ni shule ya msingi. Nyumba ndogo maarufu aliitwa Donnina de' Porri, mkumbukeni huyo mama, ana heshima yake mbele huko.

Mtu ana mabinti kumi, anafanyaje? Kwetu mtu mwenye mabinti kumi anaambiwa umetajirika, mahari zitaingia. Huko ilikuwa kinyume, mahari inatoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi. Kwahiyo mabinti kumi ni hasara kumi, labda uwe Bernabò, kodi ya raia ipo, unakamua tu. Na alikuwa na shida moja kubwa, ukoo wake ulikuwa na fedha na majeshi lakini hauna ufalme, mbele ya wafalme wa Ulaya ni matajiri tu wa mjini. Basi akanunua damu ya kifalme, binti mmoja mmoja.

Sikilizeni tu. Verde akaenda kwa Leopold wa Tatu wa Habsburg, huko Austria, 1365. Taddea akaenda kwa Stephen wa Bavaria, 1367, na mahari inayotajwa ni dukati 100,000 za dhahabu. Valentina akawa malkia wa Cyprus. Antonia akaenda Württemberg. Maddalena Bavaria tena, Elisabetta Bavaria tena ingawa huyo mzee alikuwa ameshakufa, ile Bavaria ikawa kama kijiji cha shangazi. Agnese akaenda hapa jirani Mantova kwa Francesco Gonzaga. Na hata watoto wa nje hakuwatupa, binti yake mmoja wa nje alimpa John Hawkwood, yule kamanda mamluki Mwingereza aliyekuwa akipigania yeyote anayelipa, 1377, ili siku ya vita upanga wake ukumbuke mkwe. Hawkwood mkifika kanisa kuu la Firenze mtamuona, amechorwa ukutani juu ya farasi.

Mnaona hesabu ya mzee? Kila mlango wa Ulaya ana mtoto. Akishambuliwa kutoka kaskazini, kuna mkwe. Akishambuliwa kutoka Mantova, kuna mkwe. Akitaka askari, kuna mkwe. Ukuta mzima wa wakwe!

Na mlango wa jirani? Wa kaka yake?

Galeazzo alikufa 1378, akamwacha mtoto wa kiume, Gian Galeazzo, kazaliwa 1351. Huyo naye alikuwa ameshaozwa akiwa mtoto kwa Isabelle, binti wa mfalme wa Ufaransa. Ilikuwaje mfalme wa Ufaransa atoe binti? Alikuwa na shida ya fedha, Waingereza walimteka vitani Poitiers 1356 na anadaiwa fidia, Galeazzo akatoa dhahabu akapewa bibi harusi. Isabelle alifariki 1372. Mjane kijana, tajiri, anakaa Pavia na maktaba yake. Bernabò akamuangalia akaona mlango haujafungwa, 1380 akamuoza binti yake Caterina.

Watoto wa ndugu wawili! Papa ilibidi atoe kibali. Watu wa pwani hapa mnanyamaza, kwetu Tanga mtoto wa ami wala si habari, lakini naona ndugu zangu wa bara mnakunja uso, kwenu huyo ni dada kabisa. Na Bernabò hakuishia hapo, mwanae Ludovico akamuoa Violante, dada wa Gian Galeazzo. Yaani fundo juu ya fundo. Mzee alijua amemfunga kijana kamba miguu yote.

Ila kulikuwa na kitu mzee hakukiangalia. Mwaka 1379 alikuwa ameshawagawia wanae watano miji. Lodi na Cremona kwa Ludovico, Parma kwa Carlo, Bergamo kwa Rodolfo, Brescia kwa Mastino ambaye bado mdogo, na Marco kabaki na nusu ya Milano. Wana watano, kila mmoja kabanana na ndugu zake, wote macho yao yanaelekea wapi? Pavia. Kwa shemeji yao mwenye nusu nzima peke yake. Marco alikufa 1382, Regina akafariki 1384, na Regina ndiye aliyekuwa na akili ya nyumba ile. Wakati huo huo mzee anamtafutia posa binti yake Lucia kwa mtoto wa Anjou, ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Gian Galeazzo kule Pavia anahesabu, hawa Wafaransa wakiingia kwenye ukoo kwa upande wa baba mkwe, mimi nina muda gani wa kuishi?

Akafanya nini? Akawa mcha Mungu. Sala asubuhi, sala jioni, walinzi wengi kwa sababu anaogopa hata kivuli, kwa baba mkwe anajibu ndiyo mzee, sawa mzee. Kule Milano wakimtaja ni kicheko. Bernabò alimuona kijana wa sketi za mapadri tu. Na hii hali ilikwenda miaka, si wiki. Miaka!

Mei 1385 Gian Galeazzo akatuma ujumbe, baba, nakwenda kuhiji kwa Bikira Maria wa Mlimani kule Varese, nitapita karibu na Milano, mjini siingii, ila ningefurahi kuwaamkia. Tarehe 6 Mei mzee akatoka kumpokea. Bila jeshi. Amepanda nyumbu, si yule wa Serengeti, huyu chotara wa punda na farasi, kama mtu anayeenda sokoni. Wanae Ludovico na Rodolfo wapo. Msafara wa hija unakuja, mahujaji wenyewe mamia ya wapanda farasi wenye mikuki, na hakuna aliyeuliza hija gani hii yenye mikuki. Wakakutana. Wakakumbatiana, ndo hivyo inavyosimuliwa, kijana kamkumbatia baba mdogo wake. Halafu kamanda Jacopo dal Verme akashika hatamu ya nyumbu, na ikawa imekwisha. Utawala wa miaka 30 na kitu umekwisha barabarani, mtu yupo juu ya nyumbu.

Sasa niwaulize, wale wakwe walikuwa wapi? Leopold wa Austria alikuja? Bavaria walikuja? Hawkwood na upanga wake? Hakuja hata mmoja. Na raia? Raia walikimbilia kwenye majumba ya Bernabò kupora, wanapiga kelele aishi Count, yaani Gian Galeazzo, zife kodi! Wale waliolisha mbwa, mnafikiri wangelia?

Wakampeleka kwanza kwenye ngome ya Porta Giovia, halafu Trezzo, juu ya mto Adda, si mbali na hapa. Na Trezzo ni ngome aliyoijenga mwenyewe. Pembeni yake aliweka daraja la mawe la tao moja, urefu wa tao mita 72, likabomolewa vitani 1416 na duniani hakukujengwa tena tao la mawe refu kuliko lile mpaka mwanzo wa karne ya 20. Mzee kafungwa ndani ya fahari yake. Gian Galeazzo akasambaza kwa wakubwa wa Ulaya hati ndefu ya mashtaka, makosa yote ya mzee, mpaka uchawi ukatiwa humo.

Na nani alikwenda kukaa naye gerezani? Mabinti malkia? Donnina. Yule wa nyumba ndogo. Aliingia mwenyewe akakaa naye mpaka mwisho. Tarehe 19 Desemba 1385 Bernabò akafa, na habari iliyoenea ni sumu, wanasema kwenye sahani ya maharage. Mtu aliyelisha watu ngozi na muhuri wa risasi. Kuna mshairi wa Uingereza, Geoffrey Chaucer, aliwahi kutumwa kwa Bernabò 1378 kwa mambo ya vita, na habari za kifo zilipomfikia akamuandikia beti moja, akakiri humo kwamba kwa nini na vipi aliuawa hajui.

Ila mimi anayenikosesha usingizi si Bernabò, ni Caterina. Mama zangu, hebu mnisaidie. Mume wako amemfunga baba yako, baba amefia humo, kaka zako Ludovico na Rodolfo wamo gerezani na watafia humo, Ludovico alikaa mpaka 1404. Na wewe unalala nyumba ile. Baada ya hapo ndo akazaa, Giovanni Maria 1388 na Filippo Maria 1392, wote wawili wanaume na wote wanaitwa Maria, shukrani kwa Bikira. Akaweka nadhiri ya monasteri, ile Certosa ya Pavia ambayo wengine tuliitembelea mwaka jana tukapiga picha, iliyoanza kujengwa 1396, ilitoka kwenye nadhiri ya binti wa Bernabò. Tulipiga selfi tukarudi, hakuna aliyetuambia.

Mume wake alifika mbali, 1395 akawa Duke wa kwanza wa Milano, 1402 kachukua Bologna ile ile iliyomshinda mzee, anaisubiri Firenze ianguke, homa ikamuua Septemba mwaka huo huo. Caterina akashika mji kwa ajili ya wanae, miaka miwili tu, akapinduliwa, akafa 1404 amefungwa Monza, na tena watu wakasema sumu. Baba na binti, gereza na sumu.

Wengine nawapitia haraka. Agnese wa Mantova mumewe alimkata kichwa 1391 kwa tuhuma ya uzinzi. Lucia, yule wa posa ya Anjou, aliolewa London 1407 na Earl wa Kent, bwana mkubwa wa Uingereza, mume akafa vitani mwaka uliofuata, na mahari aliyoahidiwa na Milano alidai mpaka anakufa, ndugu wa nyumbani hawajatuma hela, hiyo mnaijua. Taddea alimzaa Isabeau, na Isabeau akaolewa na mfalme wa Ufaransa Julai 1385, miezi miwili tu baada ya babu yake kushushwa kwenye nyumbu. Binti wa Isabeau akaolewa Uingereza na kwa mume wake wa pili ndo wakatoka kina Tudor, ukoo wa wafalme wa Uingereza, kwahiyo wenzetu wa Kenya, yule binti Elizabeth aliyepanda ile hoteli ya juu ya mti, Treetops, Februari 1952 akiwa princess akashuka malkia, ni kitukuu cha vitukuu vya mzee wetu.

Na mtoto mmoja wa nje, Estorre, mwaka 1412 Giovanni Maria alipouawa aliingia akashika Milano karibu mwezi mmoja, akafukuzwa, mapema 1413 akauawa akiilinda Monza. Mwili wake ulikauka bila kuoza, upo mpaka leo kwenye kanisa kuu la Monza, mnaweza kwenda kumuona mtoto wa Bernabò kwa macho yenu, wale wenye moyo mwepesi msiende na watoto.

Mzee mwenyewe alijichongesha sanamu ya marumaru akiwa hai, yupo juu ya farasi, amenyooka kama fito, akaiweka kanisani San Giovanni in Conca juu ya altare, ukipiga magoti unampigia yeye. Kanisa limebaki magofu pale Missori, mnayaona mkisubiri tramu. Sanamu ilihamishwa, sasa ipo makumbusho ya Castello Sforzesco, na Castello imejengwa pale pale ilipokuwa Porta Giovia, ngome ya kaka yake Galeazzo, walipomfungia siku za mwanzo. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tukutane metro ya Cairoli, twende tukamwamkie. Haya, maswali, tuanze na mama wa tembo.